TAHADHARI: Mtathmini wa vitanda vya kale kaniliza, asiwalize na nyie

Vidole vinatetemeka kwa hasira, mtanisamehe uandishi. Kile kitanda cha besera cha bibi, chenye nguzo za kutundikia chandarua, ambacho wengine wenu mmekilalia sikukuu mkiwa wadogo, kimekwenda. Shilingi 450,000! Nimekitoa kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikamshukuru mchukuaji.

Kaka wa Maskati alikuwa ananisukuma nijue thamani tugawane. Habari ya mirathi siirudii. Nikapewa namba ya huyu mtu. Akaja Ijumaa baada ya sala, kanzu imenyooka, kofia ya viua kichwani, na hata hajakaa akamrehemu bibi kwa jina lake na la babake. Mie machozi. Soda kaikataa, kanywa kahawa kikombe kimoja na kijipande cha haluwa. Mtu wa hivyo ungemshuku wewe?

Akaanza kazi. Vile vioo vya mawaridi kwenye kichwa cha kitanda akavikwaruza kwa ukucha. "Unaona dada'angu? Rangi haitoki. Ingekuwa ya kale ingebanduka. Hivi vya juzi." Mie naitikia tu. Akazipapasa nguzo zilizokerezwa, akaona lile doa la chetezo cha kufukizia udi: "Kasoro hii, hapa toa laki." Kisha akapiga magoti, akaingia uvunguni na tochi ya simu, akatoka na unga wa mbao kiganjani. "Dumuzi. Wamo ndani. Miezi sita hiki kinaanguka, na kasha lako litafuata." Akaupuliza ule unga mbele ya uso wangu, fuu! Nikaona nyumba nzima inaliwa.

Uvungu ule naufagia mie kila asubuhi, miaka kumi na moja sasa. Unga sijauona hata chembe. Kwa nini sikulikumbuka hilo pale pale, Mungu ndiye ajuaye.

Akasema atanitoa kwenye balaa, atakichukua yeye "kwa ajili ya vioo tu". Vioo hivyo hivyo alivyosema vya juzi! Magharibi haijaingia, gari ishafika na vijana wawili wakakifungua.

Juzi napita duka moja Mji Mkongwe. Kimo, kimevishwa chandarua kipya, dola 2,400. Na kijana wa duka anamwonesha mzungu doa letu la chetezo, ati ndiyo alama ya ukale! Nikamsimulia fundi mmoja wa Darajani, akacheka mpaka akakaa chini. Vioo vile huchorwa kwa nyuma, kumbe. Mbele pale ukucha utabandua nini?

Afungwe huyu. Apelekwe kwa sheha, avuliwe ile kofia watu wakiona, na fungu la kaka alilipe yeye, maana mie sina pa kulitoa wala uso wa kumpigia simu. Anawarehemu maiti huku anawaibia! Akitoka jela afungwe tena.

Dalili? Anayekupimia bei ndiye huyo huyo mnunuzi. Hataki upige picha. Ana haraka ya gari. Nyengine zikinijia nitaziandika.

Hajui kama nimekiona kitanda dukani. Ijumaa hii anarudi kwa ajili ya kasha, nimemjibu karibu. Mwenye nafasi aje baada ya Alasiri, apite mlango wa nyuma. Kahawa ipo.