Mapitio ya riwaya: The Golden Wind ya L. Sprague de Camp

Mmarekani L. Sprague de Camp anafahamika zaidi kwa hadithi za kubuni za kisayansi, lakini kati ya mwaka 1958 na 1969 alichapisha pia riwaya tano za kihistoria kuhusu ulimwengu wa kale. The Golden Wind ndiyo ya mwisho, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi msomaji anayezijua pepo za msimu.

Mhusika mkuu ni Eudoxus wa Cyzicus, baharia Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo. Mwanajiografia Strabo anasimulia kwamba Eudoxus alitoka Misri akafika India kwa kuongozwa na Mhindi aliyeokolewa Bahari ya Shamu, akarudi na shehena ya manukato na vito, na mfalme akaichukua yote. Katika kurudi kutoka safari ya pili upepo ulimsukuma hadi pwani ya Afrika, akaokota gubeti ya chombo kilichovunjika, yenye mchongo wa farasi. Alipoambiwa huko Misri kwamba vyombo vya namna hiyo hutoka Gades, Hispania, aliamini kuwa Afrika inazungukika, akatumia mali yake kujaribu. Strabo mwenyewe aliona kisa hicho ni uzushi mtupu, na nadhani ndiyo maana kilimvutia mwandishi aliyezoea kuuliza jambo lisiloaminika lingewezekanaje.

De Camp alisomea uhandisi wa ndege, na elimu hiyo inaonekana katika namna anavyoijenga dunia yake juu ya kanuni: kusi humpeleka baharia India, kaskazi humrudisha, na anayekosa msimu hana budi kungoja. Ufalme wenye tamaa nao una kanuni zake, na hizo ndizo zinazomwangamiza mfanyabiashara kuliko mawimbi. Sehemu hizi zimeandikwa kwa ustadi mkubwa.

Udhaifu uko kwa watu. Mtu anayepokonywa shehena mara mbili anastahili uchungu mzito zaidi, lakini mwandishi hukimbilia mzaha, nao, ingawa unachekesha kweli, huwafanya Wagiriki wake wasikike kama Wamarekani wa karne ya 20.

Kwa bahari na biashara ninaipendekeza bila kusita. Anayependa zaidi mitambo ya vita aanze na The Bronze God of Rhodes ya mwaka 1960, inayosimulia kuzingirwa kwa Rhodes na kujengwa kwa sanamu yake kubwa ya shaba.