Waliniambia rampu ipo

Kabla ya sendoff ya binti wa dada yangu nilipiga simu hotelini mara mbili. Natumia kitimwendo miaka mingi sasa, na siendi mahali bila kuuliza mambo matatu: ngazi, mlango, choo. Binti aliyepokea alinijibu kwa bashasha: "Mama, ondoa shaka. Rampu ipo, na choo cha walemavu kipo." Nikamwamini, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Ni hoteli ya ufukweni hapa Dar. Mbele kuna ngazi mbili. Kuulizia rampu, ule mteremko wa kupandishia kiti, nikazungushwa nyuma, tukapita mapipa ya taka hadi mlango wa jikoni. Kumbe ile imejengwa kwa ajili ya toroli za soda! Ngazi mbili zile ni kama sentimita 30 kwenda juu, na kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo mteremko ulitakiwa uvuke mita tatu na nusu. Wao wameumaliza kwa hatua mbili, wakaweka vigae vya kung'aa, na siku hiyo vilikuwa vimelowa maji ya samaki. Juu kabisa wamepanga makreti matupu.

Tukarudi mbele. Vijana wanne wa ukumbini wakamwambia mpwa wangu, "Tunambeba tu." Walimwambia yeye, siyo mimi. Sijafungua mdomo, nimeshanyanyuliwa. Mmoja kashika mkono wa kiti, na mkono ule umetengenezwa uchomoke. Ukachomoka. Nikabaki nimelalia upande, gauni nililolishona mwenyewe wiki nzima limepanda juu ya magoti, wakwe wanatazama.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa getini, mtu wa makamo, alikuja mbio. Akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, akauliza, "Dada, nikushike wapi?" Nikamwonyesha fremu. Akanigeuza, akanivuta kinyumenyume, ngazi ya kwanza, akatulia, akaniuliza kama niko sawa, ndipo ya pili. Sikutikisika. Mungu ambariki yule kaka.

Na niseme haki yao: pilau ilikuwa pilau kweli, samaki hakukaushwa, feni zinafanya kazi. Saa mbili za mwanzo nilishaanza kuwasamehe.

Kisha ikaja habari ya choo. Tunaotumia viti tunajua, siku ya shughuli hunywi kitu tangu mchana. Lakini joto lilikuwa kali, na mimi nimeahidiwa choo, nikanywa glasi mbili za juisi ya ukwaju. Kufika, mlango una picha ya kiti, ndani kumejaa mifagio na ndoo. Mifagio wakaitoa. Tatizo lilikuwa mlango wenyewe. Mimi ni fundi cherehani, futi haitoki kwenye mkoba wangu. Nikapima meneja akiwa amesimama pale: mlango sentimita 61, kiti changu, pete ya gurudumu hili hadi ya lile, 64.

Meneja, kijana mdogo tu wa kumzaa, akaniambia, "Mama, huna kiti kingine chembamba kidogo?"

Nilitetemeka. Nikamwambia, mwanangu, hii ndiyo miguu yangu. Akaongeza kwamba wao huwa wanawasaidia sana watu wenye matatizo. Nani aliomba msaada? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na sisi tumelipia ukumbi sawasawa na wengine. Mwendokasi, pamoja na msongamano wake wote, unakuta jukwaa na sakafu ya basi viko usawa, na hiyo ni nauli ya basi tu. Hoteli ya bei ile imeshindwa sentimita tatu?

Nikaondoka. MC anaita mama mdogo aje alishwe keki ya shukrani, mama mdogo yuko kwenye teksi, ameuma meno, anahesabu matuta. Mtoto niliyembeba mgongoni kabla sijapata ajali, keki yake sikuila.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale. Nikamkumbuka mlinzi, nikaona niseme nendeni, ila mpime kwanza. Sasa nimeifikia keki, na nyota niliyotaka kuwapa naifuta. Mlinzi peke yake apewe tano, zimfikie yeye, zisiingie kwenye hesabu ya hoteli.

Juzi mpwa wangu amepita huko, anasema makreti yameondolewa kwenye rampu. Vigae ni vilevile. Mlango hakuuangalia. Wakiupanua waniite, nitakuja na futi yangu.