Kusambaza muziki kutoka Kampala bila lebo: uzoefu wangu na hesabu zake

Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kupeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza. Unalipa ada ya mwaka, unapandisha faili zako, nao wanazifikisha Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack na kwingineko. Jina la kampuni naliacha, maana karibu zote zinakwenda kwa mtindo mmoja na yaliyonikuta yanaweza kumkuta mteja wa yoyote. Mimi ni prodyuza wa muziki wa kielektroniki hapa Kampala. Sina lebo wala meneja, na nyimbo zangu ni zile za dakika sita ambazo DJ huzicheza baada ya saa saba za usiku. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ningepima kwa pesa iliyoniingia peke yake ningewapa moja, ila ingekuwa kuwaonea, kwa sababu pesa nyingi hupukutika kabla ya kuwafikia wao na baada ya kutoka kwao.

Upande wa kazi yenyewe sina neno. Unaweka wimbo katika WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, picha ya jalada na majina ya walioshiriki, nao wanakupa namba ya ISRC, ile inayoitambulisha rekodi popote iendapo. Wimbo wa dakika sita wa biti 24 unakaribia megabaiti 95, kwa hiyo EP, yaani albamu fupi, ya nyimbo nne inafika kama megabaiti 380. Kwa mwenye faiba ofisini hilo si jambo. Kwa sisi wa vifurushi ni jambo: Julai 2021 serikali iliondoa ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data, na tangu hapo kila megabaiti ina kodi yake tumboni. Napandisha usiku wa manane huku nikiomba umeme usikatike, maana ukikatika faili inaanza upya.

Kilichoniudhi ni suala la jina. EP yangu ya kwanza iliangukia kwenye ukurasa wa mwimbaji wa injili wa nchi nyingine ambaye jina lake la kisanii ni sawa na langu. Wafuasi wake wakapata arifa ya wimbo mpya, wakabonyeza, wakakutana na besi dakika nne mfululizo. Mwenyewe alinitafuta Instagram, kwa upole kabisa, akauliza kama ningeweza kuuondoa kabla ya Jumapili. Nikaandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, mashine ikarudia aya ileile. Walirekebisha hatimaye, lakini usikilizaji wa siku zile za mwanzo, ambao ndio unaousukuma wimbo mbele kwenye hayo majukwaa, ulishabaki kwa mtumishi wa Mungu.

Sasa hesabu. Ada yao ni kama dola 25 kwa mwaka, takriban shilingi elfu tisini. Juu yake kuna nyongeza: kulinda wimbo YouTube ni ada yake, na kuacha wimbo ubaki hewani hata ukiacha kulipa ni ada nyingine, tena kwa kila toleo. Usipolipa, nyimbo zinashushwa. Unakuwa mpangaji ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe. Wengi wetu tunakadiria kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila mara wimbo unaposikilizwa Spotify. Hicho si kiwango walichokitangaza wao. Wanachofanya ni kukusanya mapato ya soko husika na kuyagawa kwa kufuata fungu la usikilizaji la kila mwenye haki. Apple Music walisema mwaka 2021 kwamba wastani wao ni kama senti moja ya dola. Ukichukua 0.003, unahitaji kusikilizwa zaidi ya mara 8,300 ili ada ya mwaka mmoja irudi, na hapo hujalipa mastaringi, ile kazi ya mwisho ya kusawazisha sauti, hujalipa aliyechora jalada, hujalipa hata boda iliyokupeleka studio.

Kitu ninachokisifu bila kusita ni ripoti yao. Ni jedwali refu lenye mwezi, jukwaa, nchi, wimbo, idadi na pesa, na pesa yenyewe inaandikwa kwa desimali nyingi kiasi kwamba unaweza kudhani ni namba ya simu. Inachelewa miezi miwili au mitatu, lakini ikija inakufundisha biashara yote. Nikunukulie mistari miwili ya kwangu. Uholanzi, wimbo wa pili, mara 41, dola 0.19. Chini kidogo: Uganda, wimbo uleule, mara 212, dola 0.15. Mara mia mbili na kitu za watu wa hapahapa, pengine ndio hao ninaowaona wakicheza kwenye baa za mtaa wa Kabalagala, hazikufika zilipofika mara arobaini za Waholanzi. Sababu haina uchawi. Spotify ilifunguliwa Uganda Februari 2021 kwa bei ya chini kuliko ya Ulaya, wengi wanasikiliza bure kwa matangazo, na soko la matangazo la hapa ni dogo. Ukigawa kidogo kwa wengi, utapata hiyo 0.15.

Tena hiyo ni kwa wimbo uliofuzu. Tangu mwanzo wa 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa anayeimba nyimbo za redioni hilo ni la asubuhi moja. Kwa muziki wetu, ambao msikilizaji wake ametawanyika, mmoja Lyon, mmoja Mombasa, mmoja Entebbe, ni ukuta. Kwenye EP yangu ya nyimbo nne, mbili zilikwama chini yake. Utasema ni dola tatu tu kila mmoja. Ni kweli, lakini mapato yetu yote ni mkusanyiko wa dola tatutatu.

Halafu Marekani. Kabla ya kutoa pesa nilitakiwa kujaza fomu ya kodi ya huko, W-8BEN, ya mtu asiye raia wala mkazi. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hupata nafuu. Uganda haina mkataba huo, kwa hiyo fungu la mrabaha linalotokana na wasikilizaji wa Marekani hukatwa asilimia 30 papo hapo. Si lote, ni hilo la Marekani tu, na watu wengi hapa huchanganya wakidhani wameibiwa theluthi ya kila kitu. Angalia ripoti yako kwa nchi kabla ya kupiga kelele.

Kutoa pesa nako kuna safari. Kuna kiwango cha chini cha kutoa, kuna ada ya kutuma, benki inayopokea ina yake, kisha inabadilisha dola kwa bei inayoipenda yenyewe. Ukiipeleka kwenye simu na kuitoa kwa wakala, serikali ina asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya mtandao. Mara ya mwisho niliona dola 60 kwenye skrini, ambazo kwa kichwa ni zaidi ya laki mbili. Mkononi nilishika laki moja na themanini na kitu.

Niseme kidogo kuhusu kugawana, maana hapa huduma ina kitu kizuri kwenye karatasi. Unaweza kuandika kwamba fulani apate asilimia 30 ya wimbo fulani, na mfumo ukamlipa wenyewe. Sharti awe na akaunti yake, barua pepe yake na njia yake ya kupokea dola. Wimbo wangu unaosikilizwa kuliko yote una adungu (kinubi cha kwetu) ya mzee mmoja wa Nebbi. Nilimweleza mpango mzima, nikamwonyesha na skrini ya simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

“Mwanangu, hiyo pesa ya kwenye kompyuta, mimi nitaitoa kwa wakala gani?”

“Mzee, itabidi kwanza tufungue barua pepe.”

“Basi nipe yangu leo, hiyo ya barua ukae nayo wewe.”

Nikamlipa siku hiyohiyo, pesa taslimu, tukaandika karatasi inayosema ni malipo ya kupiga, na kwamba wimbo ukiuzwa kwa tangazo tutagawana nusu kwa nusu. Tuliisaini mbele ya mwanawe. Karatasi hiyo imenisaidia kuliko kitufe chochote cha kugawana, na namshauri kila anayerekodi wapigaji wa ala za kwetu afanye hivyo kabla ya maikrofoni kuwashwa.

Jambo jingine ambalo huduma hizi hazilisemi kwa sauti: zinakusanya pesa za rekodi tu. Haki ya mtunzi, ile inayolipwa wimbo ukichezwa redioni au ukumbini, ni fungu jingine, na hapa Uganda linakusanywa na UPRS, chama cha haki za watunzi. Kujiunga na msambazaji hakukusajili huko. Ni mafaili mawili tofauti na utayabeba yote mwenyewe.

Kwa kulinganisha, EP hiyohiyo niliiweka Bandcamp, tovuti ambako msikilizaji ananunua muziki moja kwa moja kwa msanii, kwa dola 5. Wao hawachukui ada ya mwaka, wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kuna ada ya malipo juu yake, kwa hiyo ninabaki na kama dola 4. Rudi kwenye 0.003 uone: mnunuzi mmoja ni sawa na kusikilizwa zaidi ya mara 1,300. Na mnunuzi wa Bandcamp ana tabia ya kuongeza juu ya bei uliyoandika, hasa Ijumaa zile ambazo kampuni inaacha fungu lake, utaratibu ulioanza Machi 2020 wakati wa korona. Wanunuzi wangu karibu wote ni wa Ulaya. Wengi walinipata kwa kutafuta jina la mji, Kampala, na hilo sijidanganyi kuwa ni juhudi yangu. Lebo ya hapa Kampala, Nyege Nyege Tapes, na ndugu yake Hakuna Kulala wamewazoesha watu wa Berlin na Manchester kuutafuta muziki wa mji huu, nasi wengine tunaokota kwenye njia waliyoipasua. Malipo yanapitia PayPal ya dada yangu aliyeko Nairobi, kwa kuwa Kenya PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, kisha ananitumia kwa simu. Anakata cha chai, na sijawahi kubishana naye. Nyumbani huku Bandcamp haiuzi. Rafiki zangu wanaandika WhatsApp, “nitumie hiyo ngoma,” na mimi natuma.

Kuna pia wale jamaa wanaokufuata na ofa ya wasikilizaji elfu kumi kwa bei ya kiatu cha mtumba cha soko la Owino. Usiguse. Spotify huwatoza wasambazaji faini kwa wimbo wenye usikilizaji bandia wa wazi, na msambazaji anaweza kukuhamishia wewe, au kuushusha wimbo kabisa. Nimemwona mwenzangu akipoteza albamu nzima hivyo, pamoja na usikilizaji wake halali.

Basi kwa nini naendelea kulipa? Kwa sababu ya watu ambao hawapo kwenye ripoti. Promota akitaka kukuita kupiga, kitu cha kwanza anachoomba ni kiungo cha Spotify, na usiku mmoja wa kupiga muziki unanilipa kuliko mwaka mzima wa hiyo ripoti. Kampuni moja ya matangazo hapa mjini ilikuta wimbo wa adungu ukicheza kwenye orodha ya mtu, ikanunua sekunde 30 kwa tangazo la redio. Pesa hiyo ndiyo iliyotoa laptopu yangu kwa fundi na kulipia FL Studio halali, programu ya kutengenezea muziki, ambayo ukiinunua mara moja unapata masasisho bila kulipa tena. Mzee wa Nebbi alipata nusu yake kama karatasi ilivyosema, kwa simu, bila barua pepe.

Kwa hiyo ukiwa na wimbo mmoja na hujui kama utatoa wa pili, usichukue huduma ya ada ya mwaka. Tafuta inayotoza mara moja kwa toleo, au inayokata asilimia. Ukiwa unatoa mara kwa mara na unataka kuitwa kupiga, lipa, ila iandike kwenye daftari upande wa matumizi, pamoja na nauli na vipeperushi vya Nasser Road.

Mimi nimelipa ya mwaka huu. EP ijayo itakaa Bandcamp peke yake wiki za mwanzo, ndipo niipeleke kwingine, na huko kwingine nitapeleka matoleo mafupi. Spotify inahesabu usikilizaji baada ya sekunde 30 tu, wa dakika sita na wa dakika mbili vinalipwa sawa, kwa hiyo sioni sababu ya kuwapa besi ya dakika nne bure. Marefu yatabaki kwa DJ wanaonunua. Mzee nimeshamwambia, naye amesema nikate ninapotaka ila adungu nisiiguse.