Ryzen 7 7700X kwa wati 88: jinsi kompyuta yangu ilivyonyamaza

Kazi yangu ni kusoma na kurekodi masimulizi. Maikrofoni na kompyuta viko chumba kimoja, umbali wa kama mita moja, na sina namna ya kuvitenganisha. Kwa muda mrefu, kila nilipovuta pumzi kati ya sentensi na sentensi, mstari wa sauti kwenye skrini haukulala. Ulikuwa na manyoyamanyoya, kisha ghafla unanenepa: feni imepanda. Inashuka, inapanda tena. Programu za kusafisha kelele zipo, lakini ukizitumia sana sauti ya mtu inakuwa kama anaongea ndani ya mtungi. Nikaamua kuanzia kwenye chanzo.

Prosesa yangu ni Ryzen 7 7700X, ile AMD waliyoitoa Septemba 2022, yenye viini 8, yaani sehemu 8 zinazofanya hesabu kila moja kivyake, na kasi inayofika gigahezi 5.4. Inatangazwa kuwa ya wati 105, ila kikomo chake halisi cha umeme, kinachoitwa PPT, ni wati 142. Ukiipa kazi nzito huku kipoza joto chako ni cha kawaida kama changu, inapanda hadi nyuzijoto 95 na kukaa hapo. Wengi hushtuka wakiona namba hiyo. Si hitilafu: imeundwa ijiongezee kasi mpaka igonge kikomo cha joto au cha umeme, chochote kitakachotangulia. Tatizo ni kwamba feni inafuata joto, basi inavuma muda wote ambao prosesa inajikamua kutafuta kasi ya mwishomwisho.

Na hiyo ya mwishomwisho ndiyo ghali. Umeme unaoliwa huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Punguza volti kwa asilimia 10, kasi ibaki ileile, na umeshaokoa karibu asilimia 19 ya umeme. Huko juu kabisa unalipa volti nyingi kwa kasi kidogo mno.

Kwa hiyo niliingia BIOS, yaani setingi za bodi mama zinazofunguliwa kabla mfumo haujawaka, nikachagua Eco Mode, hali ya kubana umeme, ya wati 65, ambayo kikomo chake halisi ni wati 88. Haikunichukua hata dakika mbili. Ndicho kikomo ambacho 7700 isiyo na X, iliyofuata Januari 2023, inatoka nacho kiwandani. Video yangu moja iliyokuwa ikichukua dakika 20 kukamilika sasa inachukua 21 na ushee, na joto kwenye kazi hiyohiyo limeshuka kutoka 95 hadi sabini na kitu. Kama utafanya jambo moja tu, fanya hili.

Lakini rekodi zangu bado zilikuwa na kelele.

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri upya. Wakati wa kurekodi prosesa haina kazi nzito, hivyo kikomo cha wati hakihusiki kabisa. Kinachotokea ni hiki: unafungua ukurasa mmoja, kiini kimoja kinaruka hadi kasi yake ya juu, joto linatoka 45 hadi 65 ndani ya sekunde, kisha linarudi lilikotoka. Kipande cha silikoni kinachobeba viini ni kidogo sana, takriban milimita za mraba 70, na hakina nafasi ya kutawanya joto hilo papo hapo. Feni inaona 65 inaondoka mbio. Siku moja nilifungua kasha kompyuta ikiwa inafanya kazi, nikaweka kidole kwenye mapezi ya pembeni ya kipoza joto wakati feni inavuma. Yalikuwa ya baridi. Alumini yote ile na mabomba yake ya shaba havijapata hata uvuguvugu, na feni inahangaika kupoza kitu ambacho bado hakijapashwa!

Dawa ilikuwa kwenye ukurasa wa feni ndani ya BIOS. Niliulaza mstari wa kasi: kuanzia chini mpaka nyuzijoto 70 feni inazunguka mara 600 kwa dakika, haijali chochote. Baada ya 70 inapanda taratibu. Kisha nikaweka ucheleweshaji, yaani feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kuitikia mabadiliko ya joto, mrefu zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Zamani ilikuwa ikicheza kwenye 1,200 hata nikiandika tu barua. Feni ikipunguzwa mizunguko kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio linaisikia tofauti hiyo bila kuambiwa. Zaidi ya yote, sauti haibadiliki tena. Mvumo mdogo usiopanda wala kushuka unasahaulika. Ule unaorukaruka hauzoeleki.

Nilipoona nimefanikiwa nikataka zaidi, nikaingia kwenye Curve Optimizer, inayopunguza volti za kila kiini kwa hatua za kama milivolti 3 hadi 5. Nikaweka hasi 30 kwa viini vyote. Nikaipigisha Cinebench, programu ya kuipa prosesa mzigo mzima, kwa nusu saa, ikapita vizuri. Usiku uleule, kompyuta ikiwa imekaa tu bila kazi yoyote, ikajizima na kujiwasha upya, na kipande cha rekodi ambacho sikuwa nimekihifadhi kikapotea. Niliumia, na nililihitaji somo hilo. Viini vyote vikiwa na mzigo, kikomo cha umeme hukaba kasi, kwa hiyo hakuna kinachofika gigahezi 5.4. Ni pale kompyuta inapopumzika ndipo kiini kimoja huruka hadi kileleni peke yake, na kama volti hazikitoshi huko juu, kila kitu kinaanguka. Kwa hiyo usikubali jibu la jaribio la mzigo mzima. Tumia CoreCycler, inayojaribu kiini kimoja kimoja, iache ikeshe. Yangu ilivibaini viini viwili visivyostahimili, na ni vilevile ambavyo mfumo unavitanguliza kwa ubora. Ina mantiki: kiini bora kiwandani kimeshapewa volti kidogo, hakina akiba ya kukatwa tena. Hivyo viwili niliviweka hasi 10, vingine hasi 20, na tangu hapo haijajizima.

Ukiwa tayari una kikomo cha wati 88, Curve Optimizer haikupunguzii umeme kwenye kazi nzito. Prosesa inaugeuza ule uliookolewa kuwa kasi. Ile dakika ya video karibu yote ilirudi. Pia ujue kwamba Curve Optimizer ni sehemu ya PBO (Precision Boost Overdrive), setingi za kuongeza kasi ya prosesa, na AMD huihesabu kuwa ni kuvuka vipimo vya kiwandani, jambo linaloweza kukuondolea dhamana. Ukitaka utulivu tu, Eco Mode na feni vinatosha.

Nilichokosa ni nafuu ya umeme wakati kompyuta imekaa tu. Prosesa hizi zina kipande cha pili cha silikoni, cha kushughulikia kumbukumbu na mawasiliano, nacho hula umeme wake hata viini vikisinzia. Eco Mode haikigusi.

Mwezi uliopita nilisasisha BIOS ya bodi mama. Nikawasha kompyuta, nikageuka kuchukua miwani, na kabla skrini haijawaka nikasikia feni inapanda na kushuka. Setingi zote zilikuwa zimefutika. Sasa nina picha za kila ukurasa kwenye simu, pamoja na namba za viini vyote 8.