Matairi ya Michelin CrossClimate Camping kwenye gari-nyumba la mwaka 2008: tathmini baada ya misimu miwili

Gari-nyumba letu ni la mwaka 2008, limejengwa juu ya chesisi nzito ya Fiat Ducato, na uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 3,500. Tulilinunua hapa Uingereza mwaka 2022 kwa mzee mmoja aliyelitunza kama mboni ya jicho lake, na kitu cha kwanza alichotuonyesha kwa fahari kilikuwa matairi, kwa sababu kashata zake zilikuwa bado na kina cha milimita sita, ilhali sheria inataka milimita 1.6 tu. Mzee hakutudanganya, kwani kwa macho matairi yale yalikuwa mazuri kweli.

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu hizo mara nyingi huandikwa upande mmoja tu, na matairi yetu matatu kati ya manne yalikuwa yamefungwa upande huo ukitazama ndani, kwa hiyo ilinibidi nijilaze chini ya gari na tochi. Nikasoma 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Nikiwa huko huko chini niliona pia kwamba ubavu wa ndani, ambao mpita njia hauoni, ulikuwa na nyufa nyembamba zilizozunguka karibu na rimu. (Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani na kulipokea bandarini Dar es Salaam au Mombasa naye angefaidika na kujilaza namna hiyo kabla ya kulipeleka barabarani.)

Tairi la gari-nyumba aghalabu huzeeka kabla ya kuisha. Mpira wake huchanganywa na kemikali za kuukinga na ozoni, na kemikali hizo husogea kuelekea juu ya ngozi ya mpira kadiri tairi linavyojikunja na kujikunjua barabarani. Gari la kila siku hujipaka dawa lenyewe bila mwenyewe kujua. Gari-nyumba lililoegeshwa tangu Oktoba hadi Aprili halipati dawa hiyo. Isitoshe, wakati wote huo hubeba mzigo wake mzima juu ya sehemu ile ile ya tairi, kwani vitanda, jiko, friji na makabati havishushwi safari inapokwisha. Kwa hiyo tairi linaloonekana jipya kwa kashata linaweza kuwa limekauka kwa ndani, na siku ya joto, mwendo wa kilomita mia kwa saa, ndipo huamua kupasuka.

Michelin wenyewe wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kufikisha miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifika kumi tangu litengenezwe, hata likiwa linapendeza. Tangu Februari 2021 sheria ya Uingereza inakataza matairi yaliyozidi miaka kumi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi, lakini haiyagusi magari ya familia kama letu. Kwangu mimi kumi ni mingi mno kwa gari linalobeba watoto na kulala nusu mwaka. Nimejiwekea saba, na sitabishana na anayesema sita.

Kipimo chetu ni 225/75R16, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa na utata ambao wauzaji wengi huupita haraka. Kuna tairi lenye herufi C, ambalo ni la magari madogo ya mizigo, na kuna lenye herufi CP, lililotengenezwa mahsusi kwa magari-nyumba. Ukitazama namba ya uwezo wa kubeba unaweza kushangaa, kwa sababu matairi mengi ya C ya kipimo hiki yana 121, ambayo ni kilo 1,450 kwa tairi, ilhali hili la CrossClimate Camping lina 118, ambayo ni kilo 1,320. Kwa nini basi ulipe zaidi ili upate pungufu? Jibu ni kwamba CP imejengwa ikikubali kujazwa upepo mwingi zaidi, hadi bar 5.5 (bar ni kizio cha kupimia upepo wa tairi) kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi moja kila upande, na imekusudiwa gari lililo karibu na kikomo cha uzito wake kila siku, likiwa na mkia mrefu unaoning'inia nyuma ya magurudumu na kuyakandamiza kila linapopita tuta. Tairi la C lenye 121 si kosa, na ninawafahamu watu makini wanaolitumia kwa hoja nzuri. Sisi tulichagua CP kwa sababu kitabu cha gari kiliitaja, na kwa sababu gari letu hukaa kuliko linavyotembea.

Sababu ya pili ilikuwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji, inayothibitisha kwamba tairi limepita mtihani wa theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, alama ya zamani ya M+S (matope na theluji) peke yake haitambuliwi tena barabara inapokuwa na barafu au theluji, nasi hupenda kwenda Bavaria mwezi Desemba. Hata hivyo, faida kubwa tumeiona kwenye majani mabichi, si kwenye theluji. Ducato husukumwa na magurudumu ya mbele, na uzito wa nyumba uko nyuma, hivyo kwenye uwanja wa kambi uliolowa mvua magurudumu ya mbele huwa mepesi na huteleza kama kigingi kilichopakwa sabuni. Kwa matairi ya zamani tulivutwa na trekta mara mbili katika msimu mmoja. Kwa haya, katika misimu miwili na kilomita zipatazo 14,000, hatujavutwa hata mara moja, ingawa ni kweli pia kwamba tumejifunza kuegesha gari likitazama mteremko.

Kwenye lami iliyolowa gari linasimama kwa utulivu unaotia imani, na upepo wa pembeni hauliyumbishi kama zamani. Mlio ni wa wastani. Kashata zimepungua kidogo sana na kwa usawa, na hilo nadhani linatokana na upepo sahihi zaidi kuliko na chapa ya tairi.

Kuhusu kufungwa kwake, duka tulilokwenda mwanzo, ambalo sitalitaja, lilituletea matairi yaliyokuwa tayari na miaka mitatu stoo, na muuzaji akakasirika nilipoomba kusoma tarehe. Duka la pili lilileta ya wiki ya 8 ya mwaka 2023, lakini fundi alikuwa ameshaandaa valvu fupi za mpira za magari madogo. Valvu za aina hiyo kwa kawaida zina kikomo cha bar 4.5, na kuzitia kwenye gurudumu la bar 5.5 ni kutafuta balaa. Niliomba za chuma. Alikubali bila ubishi, akazifunga, kisha akakaza nati za magurudumu kwa ufunguo unaopima nguvu ya kukaza badala ya bunduki ya upepo peke yake. Baada ya kilomita hamsini hivi nilizikagua tena mwenyewe.

Upepo ndio suala lililotutesa. Kibandiko cha mlangoni kilisema bar 5.5 nyuma, na tulipojaza hivyo sahani zote ziligongana kabatini na dirisha la paa likaanza kulia. Nyumbani Afrika Mashariki tumezoea kulipiga tairi teke, au kumwachia fundi wa pancha aamue kwa mkono. Gari la namna hii halina nafasi ya makisio hayo. Tulilipeleka kwenye mizani ya umma likiwa limepakiwa kama la safari, yaani maji, gesi, baiskeli, chakula na sisi sote ndani, tukapima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, na kila upande pia, kisha tukamwandikia mtengenezaji wa matairi tukimpa namba hizo. Majibu yalipunguza upepo wa mbele kwa kiasi kikubwa, na sahani zikatulia. Sitaziandika namba zenyewe hapa, kwa sababu ni za uzito wa gari letu, na mwenye baiskeli nne nyuma akizinakili atajiumiza. Tulichogundua mizanini, na ambacho hatukukitarajia, ni kwamba upande wa kushoto, ulio na jiko na friji, ni mzito kuliko wa kulia.

Upepo tunaupima asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo chetu wenyewe. Wakati wa kulaza gari tunajaza hadi kikomo cha juu cha tairi, tunalisogeza robo mzunguko kila wiki tatu, na tunafunika magurudumu dhidi ya jua. Dawa za kung'arisha matairi zenye mafuta ya petroli tumezitupa, kwa kuwa huuchokoza mpira badala ya kuulinda.

Bei ni ya juu kuliko tairi zuri la C, na kwa mtu anayelitembeza gari lake mwaka mzima likiwa na mzigo mdogo, sioni haja ya kulipa nyongeza hiyo. Kwa gari zee, zito na lenye kulala, ningeyanunua tena. Jambo moja tairi lolote halitatui ni kwamba gari letu, kama mengi ya umri wake, lilitoka kiwandani na chupa ya gundi ya kuziba pancha badala ya spea, na gundi haizibi ubavu uliopasuka. Rimu ya tano tumeshaipata kwenye yadi ya magari chakavu. Tairi lake tutalinunua msimu ujao, na tarehe nitaisoma kabla halijatolewa stoo.