Uzoefu wangu: ziara ya siku moja ya historia ya Cuernavaca, Meksiko

Ziara hii inauzwa kwa wageni wanaofika Mexico City, na inaahidi kuwaonyesha historia ya Cuernavaca, makao makuu ya jimbo la Morelos, mji ambao wakubwa wa jiji hilo wamekuwa wakiukimbilia kwa mapumziko kwa karne nyingi. Ada inajumuisha usafiri wa basi dogo, mwongozaji, na viingilio vya maeneo manne: Kasri la Cortés (Mhispania aliyeongoza kutekwa kwa Meksiko), kanisa kuu, Bustani ya Borda na piramidi ya Teopanzolco. Chakula cha mchana ni juu ya mgeni mwenyewe. Niseme mapema kwamba mwongozaji aliijua kazi yake vizuri kuliko waliompangia ratiba, na kwamba malalamiko yangu karibu yote yanaihusu ratiba hiyo.

Safari yenyewe ni fupi, kilomita zipatazo 85 kwa barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 1952. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Barabara hupanda milima inayozidi mita 3,000, kisha huteremka kwa kona nyingi hadi kwenye mita 1,500 hivi, na kabla ya kufika chini abiria wote walikuwa wamekwisha kuvua makoti. Sababu ya mji huu kuwa mji wa mapumziko unaipata kwenye ngozi yako kabla hujaelezwa na mtu yeyote, kwa kuwa kule juu kuna baridi ya asubuhi na huku chini kuna joto la wastani, maji na maua mwaka mzima.

Mwongozaji alitumia mteremko huo kusimulia kisa ambacho kwangu kilistahili nusu ya ada. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Cuauhnahuac kabla Wahispania hawajaligeuza jina, ulikuwa wa Watlahuica, watu waliozungumza Kinahuatl kama Waazteki wenyewe na waliolima pamba. Waazteki wa Tenochtitlan, mahali ilipo Mexico City leo, waliokaa kisiwani katikati ya ziwa kwenye baridi, hawakuwa na pamba. Walivaa nguo za nyuzi za mmea wa jamii ya mkonge. Mtawala wao wa pili, Huitzilihuitl, akataka kumwoa Miahuaxihuitl, binti wa mfalme wa Cuauhnahuac, na baba mtu akakataa, tena kwa dharau, akihoji binti yake atavishwa nini huko. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo alikuwa mchawi na alimlinda binti yake kwa buibui, tandu, nyoka, popo na nge. Huitzilihuitl akarusha mshale uliofichwa kito ndani yake, ukaangukia uani. Binti akakiokota kito, akakitia mdomoni, akakimeza bila kukusudia, na akapata mimba ya Moctezuma wa Kwanza, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa watawala wakubwa wa Waazteki. Mwongozaji hakukiuza kisa hicho kama historia kavu. Alisema wazi kwamba hii ni hadithi ya watu wa ikulu, lakini ndani yake kuna biashara ya pamba na ndoa ya kisiasa, na kwamba kilichoshindikana kwa posa kilikuja kuchukuliwa kwa vita chini ya Itzcoatl, aliyetawala kati ya 1427 na 1440. Baada ya hapo Cuauhnahuac ikawa inatoa ushuru wa nguo za pamba, karatasi za magome ya miti, vibuyu na mavazi ya kivita, na orodha ya ushuru huo imehifadhiwa kwa michoro katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha kale cha mkono, iliyoandaliwa miaka ya 1540 na ambayo sasa iko Oxford, Uingereza.

Kasri la Cortés ndilo lililokuwa kituo cha kwanza, na ndipo ziara hii inapojipatia sifa. Jengo lilianza kujengwa katika miaka ya 1520, juu ya mahali pale pale Watlahuica walipokuwa wakikusanyia ushuru, na mabaki ya mawe ya zamani yameachwa wazi ili mgeni ayaone chini ya kuta za Kihispania. Mwongozaji alitusimamisha hapo kwa muda mrefu kabla ya kuturuhusu kuingia, na nadhani alifanya sawa. Mtu akiona ngazi ya Kitlahuica ikiishia kwenye ukuta wa mshindi haelezwi zaidi. Baada ya Cortés jengo hilo limekuwa gereza, makao ya serikali ya jimbo, na tangu miaka ya 1970 makumbusho. Tetemeko la ardhi la tarehe 19 Septemba 2017 lililijeruhi vibaya, likafungwa kwa miaka kadhaa, na likafunguliwa tena mwaka 2023 likiwa na maonyesho yaliyopangwa upya kuhusu watu wa Morelos.

Ghorofani, katika baraza iliyo wazi, kuna michoro ya ukutani ya mchoraji wa Meksiko Diego Rivera ya miaka ya 1929 na 1930, iliyogharamiwa na balozi wa Marekani wa wakati huo, Dwight Morrow, jambo ambalo mwongozaji alilitaja huku akitabasamu, kwa kuwa Rivera alikuwa mkomunisti na hakumficha mtu yeyote maoni yake. Katika sehemu moja askari wa Cortés wanavuka korongo kwa kutambaa juu ya mti. Tukio hilo ni la kweli: Aprili 1521 Wahispania na washirika wao wenyeji wa Tlaxcala hawakuweza kuuingia mji kwa sababu ya makorongo, hadi wengine walipovuka juu ya miti iliyoinamiana kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ukisimama kwenye baraza hiyo na kugeuza shingo, unaona kwamba mji bado umekatwakatwa na makorongo hayo hayo, ila sasa yana madaraja na, kwa masikitiko, takataka.

Mchoro ulionishika zaidi ni ule wa shamba la miwa la Tlaltenango, ambalo leo ni mtaa ndani ya mji. Wafanyakazi wanakata na kubeba miwa, msimamizi yuko juu ya farasi, na mwenye mali amelala kwenye bembea ya kamba. Hapa nilimuuliza mwongozaji juu ya Waafrika, kwa sababu kijitabu cha ziara hakina hata neno moja juu yao. Alijibu bila kusita kwamba mwaka 1542 Cortés alifunga mkataba na mfanyabiashara wa Genoa, Italia, wa kuletewa watumwa 500 kutoka Afrika kwa ajili ya mashamba yake, na kwamba sukari ya Morelos kwa karne nzima zilizofuata ilisimama juu ya migongo ya wenyeji na ya Waafrika kwa pamoja. Alilijua jambo hilo kwa undani na alifurahi kuulizwa. Kwa nini basi si sehemu ya maelezo ya kawaida? Msomaji wa Kiafrika anayekwenda huko namshauri aulize, maana asipouliza hataambiwa. Mwisho wa ukuta yupo Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima wa Morelos katika Mapinduzi ya Meksiko, na farasi mweupe. Kutoka miwa hadi Zapata ni hatua chache za miguu, na mantiki ya Mapinduzi ya 1910 inaeleweka hapo bila hotuba.

Kanisa kuu tulilipita haraka, na sikusikitika sana. Ni jengo la Wafransisko lenye kuta kama za ngome, mojawapo ya monasteri za karne ya 16 zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kilicho cha ajabu ni michoro ya ndani inayoonyesha wamisionari waliosulubiwa Nagasaki, Japani, mwaka 1597. Ilifichuliwa chini ya rangi wakati wa ukarabati wa karne ya 20.

Bustani ya Borda ndiyo iliyoharibu hesabu za siku. Iliandaliwa katika karne ya 18 na Manuel de la Borda, padri aliyependa mimea, kwa utajiri wa baba yake, José, aliyetajirika kwa madini ya fedha ya Taxco. Maximilian, Mwaustria aliyewekwa na Wafaransa kuwa mfalme wa Meksiko, na mkewe Carlota waliifanya makazi yao ya mapumziko mwaka 1866, na mwaka uliofuata Maximilian akapigwa risasi Querétaro. Ni bustani nzuri yenye kivuli, mabwawa na miembe mikubwa, lakini kampuni imeipangia muda mrefu kuliko kituo kingine chochote, na muda huo ulijazwa na porojo za mapenzi ya mfalme na binti wa mtunza bustani. Wageni wengine walizifurahia. Mimi nilikuwa naitazama saa.

Tulipofika Teopanzolco jua lilikuwa limekwisha kuinama na mlinzi alitukumbusha kwamba wanakaribia kufunga. Hili ndilo kosa kubwa la ziara hii, kwa sababu mahali hapa ndipo asili ya mji inapoonekana bila kufunikwa na kitu kingine. Kwa muda mrefu palionekana kuwa kilima tu, hadi wakati wa Mapinduzi, inaposimuliwa kwamba wapiganaji waliweka mizinga juu yake, na mtikisiko ukaporomosha udongo na kufichua mawe. Piramidi ina ngazi mbili sambamba zinazopanda kwenye mahekalu mawili, moja la Tlaloc, mungu wa mvua, na la pili la Huitzilopochtli, mungu wa vita, mpangilio ule ule wa Hekalu Kuu la Tenochtitlan, ambalo Wahispania walilibomoa. Wachimbaji waliacha mfereji kati ya piramidi ya nje na ile ya zamani iliyofunikwa ndani yake, hivyo mgeni anaweza kutembea kati ya vipindi viwili vya ujenzi, bega moja likielekea ukuta wa kale na la pili ukuta uliokuja kuuzingira.

Tetemeko la 2017 lilisogeza sakafu za mahekalu ya juu, na wataalamu walipopima uharibifu kwa rada waligundua mabaki ya hekalu dogo zaidi la Tlaloc ndani ya piramidi, linalokadiriwa kuwa la mwaka 1150 hivi, yaani la kabla Waazteki hawajaanzisha Tenochtitlan. Mwongozaji alilieleza hili kwa mwendo wa kasi huku akitembea kinyumenyume kuelekea lango. Nilimhurumia.

Jambo jingine lisilopewa nafasi ni karne ya 20, ambayo ndiyo iliyoufanya mji uwe hivi ulivyo. Reli ilifika mwaka 1897, matajiri wakajenga nyumba zenye kuta ndefu na mabwawa ya kuogelea, na hata Shah wa Iran aliyepinduliwa aliishi hapa kwa miezi michache mwaka 1979. Hoteli mashuhuri ya Casino de la Selva, iliyokuwa na michoro mingi ya ukutani, ilibomolewa mwaka 2001 kupisha maduka makubwa, licha ya maandamano ya wakazi. Basi letu lilipita karibu na eneo hilo na hapakuwa na neno lililosemwa.

Kwa anayefikiria kununua ziara ya aina hii, ushauri wangu ni aombe kabla ya kulipa kwamba Teopanzolco iwe ya kwanza na Borda iwe ya mwisho. Kikundi chetu kingekuwa kidogo zaidi, naamini mwongozaji angekubali. Anayejua Kihispania kiasi anaweza kwenda mwenyewe kwa basi la abiria kutoka kituo cha kusini cha Taxqueña, kwa sababu kasri, kanisa kuu na Borda viko umbali wa kutembea kwa miguu, na teksi inatosha kumfikisha kwenye piramidi. Makumbusho ya kasri hufungwa Jumatatu. Jumapili kiingilio ni bure kwa raia na wakazi wa Meksiko, mgeni hulipa kama kawaida, na baraza ya Rivera hujaa familia kiasi kwamba mchoro wa Tlaltenango utautazama juu ya vichwa vya watu.