Eyam au Lacock: uanzie kijiji kipi?

Ukiwa na siku moja tu ya kuona vijiji vya Uingereza, ningekupeleka Eyam, Derbyshire. Tauni iliingia huko mwaka 1665 ndani ya mzigo wa vitambaa kutoka London. Mwaka uliofuata wanakijiji, wakiongozwa na kasisi William Mompesson, walijifungia ili wasiwaambukize majirani. Chakula kiliachwa mpakani, nao wakalipa kwa sarafu zilizotiwa kwenye siki. Jiwe la mpakani lenye matundu walimoweka sarafu hizo bado lipo! Makumbusho pia yapo.

Lacock, Wiltshire, inaishinda Eyam kwa uzuri wa nyumba zake za kale, nyingi zikiwa mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria. Na mpenda picha aanzie huku: kwenye abasia yake, mwaka 1835, William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya dirisha.